Wivu Ulivyonikaza Taya

Tumsifu Yesu Kristo! Ndugu zangu, itikieni kwa nguvu, maana leo nawasalimu kwa mdomo unaofunguka na kufungika. Kuna Jumapili moja mwaka jana nilisalimiwa hivi hivi nikashindwa kuitikia, na nilikuwa kanisani, mbele ya watu, nimevaa sare.

Kwa wasionijua, naitwa Leokadia, mama Gaudensia. Ni fundi cherehani hapa Mazwi, na nimeshona miaka kumi na tisa. Magauni mengi ya komunyo ya kwanza ya parokia hii yamepita mikononi mwangu, na baadhi yenu mlioyavaa sasa mna watoto. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, kidogo kwa kujisifu. Mtanisamehe, ugonjwa wenyewe ulianzia hapo hapo.

Ushuhuda wangu unamgusa mtu, na mtu huyo yumo humu ndani. Ni Devota, yule pale karibu na dirisha. Nimemwomba ruhusa nimtaje akasema, "Sema tu mama, ila usinipunguze wala usiniongeze." Basi nitajaribu.

Devota alikuja kwangu akitokea Mwimbi, binti mtu mzima, hajui hata kupitisha uzi kwenye cherehani. Nikamfundisha. Kupima, kukata, kuweka zipu, kupiga pasi mshono ukalala. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kimoja alichokikataa: kukata uzi kwa meno. Mimi mkasi unanichelewesha. Nashika pini kwa meno, nakata uzi kwa meno, nafungua fundo kwa meno. Yeye alijifungia kamkasi shingoni kwa kamba, akawa anakata kwa hako kamkasi. Niliona ni maringo.

Alikaa kwangu miaka mitatu. Siku moja akaleta kuku na ulezi kutoka kwao, akapiga magoti, akaniaga vizuri. Amepata fremu, chumba cha kushonea kazi yake mwenyewe. Nikamwambia, "Mungu akubariki mwanangu." Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulisema, haya, tutaona.

Ndugu zangu, mnajua fremu yenyewe ilikuwa wapi? Ng'ambo ya barabara! Mkabala na mimi, kushoto kidogo. Mji wote huu!

Nikahamisha cherehani yangu nikaiweka mlangoni. Nilimwambia mume wangu ni kwa ajili ya mwanga. Uongo mtupu. Nilitaka kuona nani anaingia kwa Devota. Nikawa nashona huku shingo imepinda kushoto kama kuku anayesikiliza kitu. Mguu unakanyaga pedali, mkono unasukuma kitambaa, jicho liko kwa Devota. Akiingia mteja mmoja, nauma meno. Wakiingia wawili, nauma zaidi. Siku mke wa katekista alipopita hapo mlangoni kwangu na vitenge vyake kwapani, akaniamkia, "Shikamoo fundi," kisha akavuka barabara, nilimjibu "marahaba" nikiwa nimeuma pini tatu, na nusura nizimeze. Mwanamke huyo gauni lake la harusi nilimshonea mimi!

Nilikuwa na wivu. Sitaki kuupaka sukari. Niliamka nao, nikala nao, nikasali rozari nao. Nilikuwa napokea Ekaristi huku naangalia Devota amevaa nini.

Ndipo kichwa kikaanza. Kiliniuma kwenye panja, pande zote mbili, kila jioni. Kisha sikio la kushoto likauma kwa ndani. Kisha shingo ikakaza, maumivu yakashuka hadi begani, nikawa siwezi kugeuka bila kugeuza mwili mzima. Asubuhi nikipiga mwayo, taya linalia kwaa! Mume wangu akasema, "Mama Gaude, unasaga meno usingizini mpaka naamka." Akaninunulia dawa ya minyoo. Nikanywa, minyoo sikuiona, meno yakaendelea kusaga.

Nikapimwa malaria, hakuna. Presha, iko sawa. Macho, nikapewa miwani. Wakasema labda ni ndoo za maji, nikaacha kubeba kitu kichwani, mimi Mfipa niliyebeba kuni tangu mdogo, sasa natembea mikono mitupu kama mgeni. Haikusaidia. Nikasema basi ni jino. Nilimlazimisha mng'oa meno mmoja aning'oe gego la mwisho, na akaling'oa, zima kabisa, jeupe! Jino lilikwenda, kichwa kikabaki.

Sasa, ndugu zangu, sisi wa Sumbawanga tunataniwa uchawi nchi nzima, na tunachukia kutaniwa. Lakini tuseme kweli. Mtu akiumwa kichwa miezi miwili na hospitali wakasema hawaoni kitu, tunaanza kuhesabu majirani. Nami nilihesabu. Kuna mama mmoja, simtaji, aliniuliza, "Wewe ukilala kitandani, wateja wako wanakwenda wapi?" Akaniacha na hilo swali. Nikaangalia ng'ambo ya barabara, jibu likawa limekaa pale linashona.

Ilinifurahisha! Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Sikuogopa kusikia kwamba Devota ananiroga. Nilifurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na haki ya kumchukia.

Wakati huo huo kina mama wa parokia tukawa tunajiandaa na sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Sare ya kitenge. Kikao kikaamua ishonwe kwa Devota, kwa kuwa mishono yake ni ya kisasa. Nilikuwepo kwenye kikao. Hakuna aliyenitazama usoni. Nikanunua kitenge kile kile nikajishonea mwenyewe, na mikono nikaiga kwa kuchungulia toka ng'ambo. Niliiga vibaya. Siku ya sikukuu wote walikuwa na mikono ya kukunjwa, mimi peke yangu nina ya puto.

Wiki hiyo ya sikukuu nilifanya jambo. Nilivuka barabara nikajifanya namsalimia Devota. Akaniwekea kigoda, akaenda nyuma kuniletea chai. Nikaokota sakafuni kipande cha kitambaa alichokuwa akijaribia mshono, nikakitia kwenye mkoba. Nilikuwa nimeambiwa kuna mtaalamu, mganga, njia ya Mwazye, nimpelekee kitu alichokishika mbaya wangu. Ningekwenda Jumatatu. Alhamisi, kwenye sala za jumuiya, ningesimama nimtaje kuwa ndiye anayeniroga. Na nyie mnajua mtu akishaitwa mchawi hapa kwetu, maisha yake yanakuwaje. Devota anamtunza mama yake mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni miaka yote, na macho hayo kwetu hutosha kuwa ushahidi. Nilijua hilo. Nililijua vizuri, na bado nilipanga kusimama.

Jumapili ikafika. Wimbo wa Utukufu ukaanza. Kwa kuwa gauni langu lilinishinda, nikasema sauti haitanishinda. Nikapanua mdomo niimbe kuliko wote. Ndugu zangu! Taya likalia kwaa, likatoka mahali pake, mdomo ukabaki wazi! Siwezi kufunga. Sauti haina maneno. Mate yananitoka. Wimbo ukaisha, watu wakakaa, mimi nimesimama nimeachama. Wengine wakadhani Roho amenishukia. Mama mmoja akaniwekea mkono kichwani akaanza kukemea. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Tumsifu Yesu Kristo, mama Gaude, vipi?" na siwezi kuitikia.

Aliyenitoa pale alikuwa Devota. Alivua mtandio wake, akanifunika mdomo watu wasinione, akanishika kiuno tukatoka. Mume wangu alikuwa shambani kwetu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeita bodaboda, akakaa nyuma yangu, mkono wake umeshika mtandio chini ya kidevu changu njia nzima. Mimi nalia. Alidhani nalia kwa maumivu.

Hospitali wakataka kadi. Devota akachukua mkoba wangu aitafute. Nikatikisa kichwa, nikataka kuunyakua, lakini tayari ulikuwa wazi. Akatoa kile kipande. Akakitazama. Ni kitambaa chake, mshono wake. Ndugu zangu, siku nyingine zote ningekuwa na uongo tayari, mimi sikosi. Siku hiyo nimeachama kama mlango ulioachwa wazi, hakuna neno linalotoka.

Devota akanitazama, akasema taratibu, "Kumbe ulichukua ukakague mshono wangu, mama? Si ungeniambia, ningekuletea mwenyewe."

Akakirudisha mkobani, akaendelea kutafuta kadi.

Daktari wa meno alikuwa dada mdogo, mpole. Alivaa glovu, akaweka vidole gumba ndani kwenye magego, akasukuma chini na nyuma. Taya likarudi. Kisha hakuniruhusu kuondoka. Akanibonyeza shavuni, pale nyama inapovimba ukitafuna, na kichwa kikawaka pale pale, maumivu yale yale ya kila jioni! Akabonyeza chini ya fuvu, shingoni, vivyo hivyo. Akasema, "Mama, kichwa chako kinaanzia hapa. Taya, panja na shingo zinashirikiana. Taya likikaza mchana kutwa, hizo nyingine zinalipa."

Akaniuliza, "Saa hizi meno yako yamegusana?" Yalikuwa yamegusana. Akasema midomo ifungwe, meno yaachane, mpaka wakati wa kula. Mimi mtu mzima sikuwahi kulijua hilo. Akauliza kazi yangu, nikamwambia fundi. "Uzi unaukata kwa kitu gani?" Nikasema mkasi. Akaniletea kioo akanionyesha jino la mbele lina kijipengo kidogo, kama alama ya msumeno. Akacheka. Nami nikakubali.

Kisha akauliza, "Na shingo, mbona imekaza zaidi upande mmoja? Ukishona unatazama wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Devota amekaa kwenye benchi, anakunja mtandio wake uliolowa mate yangu. Hapo, ndugu zangu, kabla ya dawa, Bwana alinifungua. Nilijiona nilivyo.

Nilipewa masharti: uji, wali laini, hakuna mahindi ya kuchoma, kitambaa cha moto shavuni, mazoezi ya taya na shingo, na baadaye kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala. Maumivu hayakuondoka siku moja. Yalipungua wiki kwa wiki. Cherehani niliirudisha ndani, inatazama ukuta.

Lakini kulikuwa na deni la maneno. Sikwenda njia ya Mwazye. Alhamisi sikusimama. Nilivuka barabara, nikamwambia Devota yote. Kipande nilikichukulia nini. Nilitaka kumtaja nani, wapi, siku gani. Akaacha kukanyaga cherehani. Akasema, "Nilikuwa nakuona unanitazama toka ng'ambo. Nikikosea nafumua haraka, nasema fundi wangu ananiangalia." Kisha akalia. "Ungenitaja, mama yangu angeishi wapi?"

Akaniomba nitoke, nikatoka. Hakunisalimia siku kumi na moja, na alikuwa na haki. Siku ya kumi na mbili asubuhi alivuka, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mama. Taya linaendeleaje?" Nililia kuliko siku ya hospitali.

Ndugu yangu unayeumwa kichwa, nenda ukapimwe, kichwa kina sababu nyingi, na hospitali usiikimbie. Waambie wakushike na taya pia. Wakati unasubiri foleni, usihesabu majirani. Mwamini Mungu wakati hujui unaumwa nini, kwa maana wakati huo ndipo nilipokaribia kuua mtu kwa ulimi. Yeye alinizuia ulimi kwa namna yake, na namshukuru hata kwa aibu ile.

Msidhani wivu umekufa. Mwezi uliopita binti yangu Gaudensia, ambaye mwezi ujao anaolewa, alinijia akizungukazunguka maneno. Nikajua. Anataka gauni la harusi lishonwe na Devota. Binti yangu wa kumzaa! Nilisikia meno yakigusana, panja likaanza. Nikayaachanisha. Nikamwambia, "Nenda mwanangu."

Karibuni nyote harusini. Gauni limekwisha, nililiona juzi likiwa limetundikwa. Nililigeuza ndani nje nikitafuta kosa, nikatafuta sana, na sikuliona. Ni zuri kuliko ambalo ningeshona mimi. Asante Yesu, nimelisema mbele za watu, na taya langu halijauma.