Miaka Thelathini na Sita Mbele ya Foleni ya Mafuvu

Tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, mlango wa chumba cha mifupa utafungwa na mtu ambaye amekuwa nasi kwa miaka thelathini na sita, na kesho yake utafunguliwa na mtu mwingine. Mama Mafuvu anastaafu. Mhariri wa jarida hili la chuo aliniomba wasifu wa ukurasa mmoja kwa kuwa mimi ni mkuu wa idara ya anatomia, na wakuu wa idara, alisema, wanajua kuandika kwa ufupi. Hilo ndilo kosa la kwanza katika wasifu huu. Yanayofuata yote ni yangu.

Mama Mafuvu aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, mfagiaji wa korido yetu. Siku hizo mifupa ilirundikwa kwenye makreti kama viazi, na mtunzaji wake alikuwa mzee mmoja aliyependa zaidi redio yake. Mfagiaji mpya aliomba ruhusa ya kufuta vumbi. Mwaka haukuisha, kila fuvu likawa na kiti chake: ngata ndogo iliyosokotwa kwa taulo kuukuu, ili lisibingirike. Baadaye akasomea cheti cha ufundi wa maabara, akarudi, akafungua daftari lenye mistari mia mbili na kumi na miwili, mstari mmoja kwa kila fuvu, pamoja na umri kama ndugu walivyouandikisha walipoutoa mwili usaidie masomo. Tangu hapo bati limevuja mara mbili, na tumehama chumba mara moja, lakini hakuna fuvu lililopata hata ufa. Vikombe vya chai vya walimu havina bahati hiyo.

Wageni wetu huonyeshwa kwanza Foleni. Ni rafu moja ndefu yenye mafuvu tisa, kuanzia la mtoto aliyeishi siku moja hadi la mzee wa miaka tisini. Mama Mafuvu huisalimia kila asubuhi akifungua dirisha. Kwa wenzetu wa uhasibu na wa usafirishaji, ambao huenda wanadhani fuvu ni bakuli moja, naomba nieleze kwamba si bakuli. Ni vipande vilivyoungana kwa mistari iliyopindapinda tunayoiita mishono. Mtoto huzaliwa vipande vikiwa bado vimeachana, ili kichwa kibonyee wakati wa kuzaliwa na baadaye ubongo upate nafasi ya kukua. Ndiyo maana utosi wake unadunda. Mshono wa paji la uso hufunga mapema, mara nyingi kabla ya mwaka au karibu na hapo. Utosi hufuata, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miwili. Mishono mingine hubaki kwa miaka na miaka, huanza kuungana mtu akishakuwa mtu mzima, kwa ndani kwanza, na kwa baadhi ya wazee mstari hufutika kabisa.

Hayo maneno "baadhi ya" niliyajua vitabuni tu nilipoanza kazi hapa, miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa na shahada mbili na koti jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Katika somo langu la kwanza nilinyanyua fuvu lenye mishono iliyo wazi kabisa, nikawatangazia wanafunzi sitini kwamba huyu alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, maskini, aliyekufa kabla ya kuyaona maisha. Niliongea kwa huzuni nzuri sana. Mama Mafuvu, aliyekuwa amesimama nyuma na daftari lake, hakunikatiza. Alisubiri nimalize, akalileta daftari mezani, akaweka kidole kwenye mstari. Msichana wangu alikuwa na miaka themanini na mmoja na vitukuu kumi na wanne.

Wanafunzi walicheka mpaka kengele ikalia. Yeye hakucheka. Alinisindikiza mlangoni akaniambia nisihuzunike, mishono ya mtoto ina ratiba, ya mtu mzima ina tabia. Nimeiweka kauli hiyo katika mihadhara yangu yote tangu siku ile, na nakiri kwamba kwa miaka mingi sikusema nimeitoa wapi.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha, ingawa kwenye ratiba jina lake halikuwahi kuonekana. Mwanafunzi akiingia chumbani mwake haruhusiwi kuangalia fuvu kabla ya kulishika. Anafumba macho, anapewa fuvu, anapitisha kidole gumba taratibu kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, kisha anaeleza alichokikuta. Macho, husema Mama Mafuvu, huona kile ambacho kichwa kimeshaamua. Nilidhani ni mchezo wa kuwafurahisha vijana. Mimi mwenyewe sikuwahi kufumba macho, maana nilikuwa mwalimu.

Sasa nafika kwenye sababu ya wasifu huu kuzidi ukurasa.

Miaka kumi na minne iliyopita mke wangu alijifungua binti, mtoto wetu wa kwanza. Wakati huo huo nilikuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, kurasa mia tatu, juu ya kufunga kwa mishono ya fuvu. Naomba msomaji ayaweke hayo mawili pamoja. Binti alikuwa na kichwa kirefu, chembamba, kilichochomoza kisogoni. Mama mkwe alisema ni kichwa cha ukoo wetu. Mimi nilisema ni kichwa cha msomi, na kila mgeni aliyekuja kumwona nilimwambia kwamba mahali pa kuweka elimu papo. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hawakusema kwamba nyani huyo anaweza kuwa anaandika tasnifu.

Alipofika miezi mitatu nilimleta idarani ili wenzangu wamwone. Mama Mafuvu alinawa mikono mpaka viwikoni, akampakata, akafumba macho, akapitisha kidole gumba katikati ya kichwa. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akanirudishia mtoto na kusema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Mwalimu, mshono wa katikati umefunga. Mpeleke hospitali."

Nilimjibu kwamba utosi uko wazi na unadunda, kila mtu anauona. Alikubali. Lakini utosi ni kitu kingine na mshono ni kingine, alisema, na pale nyuma ya utosi, mahali pa kuwa na kibonde, yeye amekuta tuta. Ndipo nilipotamka sentensi ambayo natamani isingetoka kinywani mwangu.

"Mama, anayefundisha mishono hapa ni mimi."

Asubuhi iliyofuata nilikuta juu ya meza yangu fuvu la pili la Foleni, la mtoto wa miezi mitatu, limekaa kwenye ngata yake. Nilidhani limesahaulika, nikalirudisha. Kesho yake lilikuwapo tena. Nililirudisha jioni, na asubuhi likanitangulia kazini. Ikawa hivyo siku kumi na tano za kazi, korido nzima ikijifanya haioni. Nilikasirika sana. Niliona ananitakia mabaya, kunipangia fuvu la kichanga mezani nami nina kichanga nyumbani. Nikaandika barua kwa utawala kuomba apewe onyo kali kwa kuchezea vielelezo vya idara. Nilijua wazi kwamba mwezi ule jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, na kwamba barua yangu ingelifuta. Niliichapa hata hivyo, nikaiacha mezani niisaini kesho.

Kesho yake fuvu lilikuwa limekaa juu ya barua. Ili kuipata ilinibidi nilinyanyue. Nililishika, na sijui kwa nini, labda ni uchovu tu, nikafumba macho. Kidole gumba kikateleza kutoka mbele kwenda nyuma, kikazama kwenye mfereji mwembamba, laini, ulioendelea mpaka kisogoni. Nilikuwa nimeandika kurasa mia tatu juu ya mfereji huo, na ile ndiyo mara ya kwanza kuugusa bila kuutazama.

Niliondoka bila kusaini chochote. Nyumbani mtoto alikuwa amelala. Nilifumba macho nikapitisha kidole palepale. Sikukuta mfereji, nilikuta tuta, gumu, limenyooka kama pindo la nguo. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake, na mke wangu akanikuta hapo.

Daktari wa upasuaji alitueleza kwamba mshono ukifunga kabla ya wakati wake kichwa hakipanuki kwa upana, kinarefuka tu, na kwa baadhi ya watoto ubongo hukosa nafasi na kuanza kubanwa. Alisema tumewahi, kwamba tungengoja mpaka mwaka na nusu kazi ingekuwa kubwa zaidi na hatari yake pia. Binti alifanyiwa upasuaji akiwa na miezi mitano. Daktari aliuliza ni nani aliyegundua mapema hivyo. Nilikohoa, nikarekebisha kola ya shati, nikasema tuligundua idarani. Mke wangu alinitazama.

Leo, kwa maandishi, narekebisha. Hatukugundua. Aligundua yeye, na mimi nilimkatalia wiki tatu. Barua niliichana, cheo akapata. Tasnifu nayo ilipita, na kwenye ukurasa wa shukrani nilimtaja kwa "kutunza mifupa". Ndivyo nilivyoandika, maneno mawili. Wiki hii, nikipekua daftari lake la kuazima kwa ajili ya wasifu huu, nilikuta kwamba kila moja ya asubuhi zile kumi na sita alijaza fomu na kusaini, kwa kuwa sheria aliyoibandika mlangoni inasema fuvu halitoki bila saini. Mwazimaji: mwalimu. Sababu: kusoma.

Aliomba asipewe zawadi ya kuaga. Aliomba kitu kimoja tu, amwone binti. Ijumaa iliyopita binti alikuja, ana miaka kumi na minne, mrefu kuliko mama yake, hodari wa hesabu na zaidi wa ubishi, ambao huo kweli ni wa ukoo wetu. Aliinama ili afikiwe. Mama Mafuvu alinawa mikono, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya nywele zilizosukwa, taratibu, mpaka kisogoni.

"Mishono bado iko wazi," alisema. "Anakua."

Hakuna kidole duniani kinachoweza kuhisi mshono kupitia ngozi na nywele za mtoto wa umri huo. Nalijua hilo vizuri, nalifundisha kila muhula, nina michoro. Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga.

Mama, asante. Kwa niaba ya idara, asante kwa Foleni, ambayo tutaisalimia kila asubuhi. Kwa niaba ya nyumba yangu, asante kwa kuniachia fuvu mezani mara kumi na sita wakati ya pili tu ingemchosha mtu yeyote. Nenda ukapumzishe miguu. Tunakuombea uzee mrefu, mrefu sana, na siku ya mbali wataalamu watakapobishana juu ya umri wako, wakosee kwa miaka hamsini.