Paka Dume Aliyezaa Mara Tatu

Marehemu kaka yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano. Mama alisema alichelewa kuongea ila aliwahi kuhesabu.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979. Mwaka 1981 aliajiriwa katika maabara ya magonjwa ya wanyama, akikata vipande vya uvimbe vyembamba kuliko ganda la kitunguu na kuviweka kwenye vioo. Wenzake walimwita Mzee wa Vioo. Kwa miaka kumi na minane alikusanya uvimbe wa paka 312, kila mmoja akiuandika daftarini, hadi akaona kwamba jeni inayoharibika kwa paka mwenye saratani ndiyo ileile inayoharibika kwa binadamu. Mwaka 2016 Profesa, mkuu wake, alitoa kitabu kuhusu jambo hilo. Jina la marehemu halimo.

Paka namba 207 alikuwa jike, ila kwa maringo yake walimwita Bwana Mkubwa. Jina hilo lilimponza marehemu, akaandika “dume”, na chini yake, “amezaa mara tatu”. Katika kitabu cha Profesa, ukurasa wa 88, yumo paka dume aliyezaa mara tatu.

“Mdogo wangu,” aliniambia huku akifuta machozi ya kicheko, “huyu Profesa hata paka hakumwona!”

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988. Shemeji alimkubali kwa sharti moja: koti la maabara lilale maabara.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 14 Juni 2022 alipasuliwa, akatolewa zaidi ya nusu ya ini. Baada ya miezi mitatu lilikuwa limekua karibu kama la awali. Profesa alikuja kumwona na mfuko wa machungwa.

“Ini limeota tena, Profesa. Jina langu je, litaota lini?”

“Pona kwanza, ndugu yangu.”

Hakupona. Saratani ilirudi, akafariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, siku nne kabla ya kutimiza miaka 63.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu wanne na madaftari kumi na manne. Madaftari hayo yalipokelewa jana na baraza la chuo cha Profesa. Nakala ya hati ya mapokezi iko nyuma ya ratiba hii ya mazishi.

Profesa ameomba kusema machache. Tumempa nafasi baada ya wasifu huu. Tunaomba aanze na paka namba 207.

Kaka yetu apumzike kwa amani, yeye peke yake.