Bi Umkulthum na Madirisha Manne ya Mizani ya Mwani

Miaka ishirini na tisa si mchezo. Bi Umkulthum Zahran aliingia katika ushirika wetu wa mwani akiwa karani wa taipureta, na tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu akiwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kwa muda mrefu kitengo hicho kilikuwa yeye, mimi na feni moja. Kati yangu na feni, feni ndiyo iliyomsaidia zaidi.

Kompyuta ya kwanza ilipofika ofisini, sote tuliifunika kitambaa isiingie vumbi. Yeye aliifungua kwa bisibisi aone ndani mna nini. Mkurugenzi wa wakati ule nusura azimie. Ilirudishwa ikawaka, ila skrubu mbili zikabaki nje. Hadi leo zimo kwenye droo yake, na bado anajiuliza zilikuwa za nini.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ni programu ya mizani. Kwetu, anayeuza mwani sharti auone mshale wa mizani mwenyewe. Tulipoleta mizani ya kompyuta, namba ikawa inamtazama karani tu. Kina mama wa Kisiwa Panza wakasema wazi: msimu ujao wasipoiona namba kwa macho yao, mwani watampelekea mnunuzi mwengine. Bila wao, ushirika ungebaki na ghala tupu.

Basi ikabidi tuwawekee wauzaji kioo cha pili, na tuchague zana za kujengea madirisha ya programu ya kuionyesha namba, zile zinazokuja na vitufe na visanduku tayari. Zipo nyingi, na kila moja ina mashabiki wake kama timu za mpira. Mimi nilikuwa shabiki wa ile yenye vitufe vya kung'aa. Bi Umkulthum hakunibishia. Alijenga dirisha lile lile mara nne, kila mara kwa zana tofauti, akayatia yote kwenye kompyuta yetu kongwe kuliko zote, tukavuka nayo hadi kituo chetu cha kununulia mwani Kisiwa Panza.

Langu likajaribiwa kwanza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Bi Mwatum Hija, mkulima wa mwani aliyekuwa mbele ya foleni na kiroba chake, akaniuliza:

"Mwanangu, hicho kioo chako kinachemsha chai kwanza?"

Kituo kizima kilicheka. Mimi nami nilicheka, kwa kuchelewa kidogo, kama dirisha langu.

La pili lilifunguka haraka, ila maandishi yake yalikataa kukua. La tatu halikukubali kutokea kwenye kioo cha pili, kile cha kuwageuzia wauzaji. La nne lilikuwa la kijivu kama ukuta wa skuli, lakini liliwaka papo hapo, na namba ya majaribio ikatokea kubwa upande wa wauzaji. Bi Mwatum akarudi nyuma hadi kwenye majamvi ya kuanikia, akaisoma kwa sauti, kisha akaleta kiroba chake. Msimu ule hakuna aliyekwenda kwa mnunuzi mwengine.

Mwengine angeridhika hapo. Bi Umkulthum alikaa wiki nzima akitafuta kwa nini langu lilikuwa zito, akagundua kuwa lilibeba kivinjari kizima cha intaneti tumboni ili kuonyesha namba moja! Akaongeza kuwa lile la kijivu lina sifa nyengine: siku akiwa hayupo, mtu mwengine ataweza kulifungua na kulirekebisha bila ya hofu.

Mwezi uliopita vituo vilipata mizani mipya. Kauthar, mwenzetu atakayeshika nafasi yake, akalibadilisha dirisha liendane nayo, peke yake. Tulidhani Bi Umkulthum atakuja kumkagua. Alivuta kiti, akamwambia, "Hebu nioneshe, umefanyaje?" Akasikiliza mpaka adhana ya alasiri.

Bi Umkulthum, ahsante sana. Tunajua unakwenda Mgogoni kufuga kuku, na kuku wa watu wajiandae kushindanishwa aina nne nne. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, umri wenye baraka na maisha mema. Zile skrubu mbili za drooni tumekutilia kwenye bahasha. Ukijua zilikuwa za nini, tupigie simu.