Mzee Miaka Miwili na Shule Zake Arobaini na Moja

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli.

Alianza shule mwaka 1956. Walimu walipotaka darasa linyamaze, walisema, "Mkaguzi anakuja." Watoto wakafagia, wakapaka chokaa mawe ya njiani, wakasubiri. Miaka minane ikapita, mkaguzi hakuja. Jambo hilo lilimkaa moyoni.

Alifundisha hesabu kuanzia 1970, na mwaka 1981 akateuliwa mkaguzi wa shule. Kanuni ilitaka kila shule ikaguliwe mara moja kila miaka miwili. Alikabidhiwa shule arobaini na moja, nyingine hazijakanyagwa na mkaguzi kwa miaka tisa. Alibandika orodha ukutani, akawasha pikipiki, akaanzia ile ya mbali kuliko zote. Aliyelalamikia ubovu wa njia alijibiwa, "Miaka miwili ni miaka miwili," hadi walimu wakampachika jina hilo.

Walimu nao walikuwa na mbinu zao. Wiki moja alikuta ramani ileile, yenye doa la chai baharini, katika shule tatu.

"Hii na mimi tulionana Jumatatu," alimwambia mwalimu wa jiografia, binti mmoja, katika shule ya tatu.

"Basi mmeshazoeana, mheshimiwa," binti akajibu bila kupepesa macho. "Kesho muiache ipumzike, imechoka na safari."

Hakumshtaki mtu. Ripoti yake ilisema: "Shule tatu, ramani moja. Ziletwe mbili." Zikaletwa. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mwalimu huyo, wakajaliwa watoto watatu.

Orodha ile hakuwahi kuimaliza kwa wakati. Mara mvua, mara pikipiki, mara ofisi imebaki na mkaguzi mmoja. Alistaafu mwaka 2008 shule mbili zikiwa hazijafikiwa, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Mwaka 2019 figo zilimlaza hospitalini. Mkaguzi aliyerithi meza yake alipokuja kumjulia hali, kila mara kabla salamu hazijaisha aliulizwa, "Zimebaki ngapi?"

Jumanne, tarehe 19 Novemba, mkaguzi huyo alijibu, "Safari hii hakuna, Mzee."

"Unanibembeleza kwa kuwa naumwa?"

Mkaguzi akatoa ripoti ya shule ya mwisho. Mzee akaomba miwani, akasoma ripoti kurasa zote, akaikunja taratibu.

"Haya," akasema. "Anzeni tena."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2019. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Sasa na apumzike, baba yetu, kwa amani.