Ukurasa Uliokuja kwa Lori

Kijiwe cha Faduma muuza kahawa, upande wa soko la mifugo hapa Garissa, hakijawahi kukosa jibu. Benchi lenyewe ni ubao wa lori bovu uliolazwa juu ya madebe mawili, na ukikaa vibaya mwishoni unamrusha wa upande wa pili. Mwaka ule uliofuata mvua za El Nino, mabingwa wake walikuwa watatu. Mahat aliitwa Bibisi, kwa redio yake isiyomtoka sikioni. Abdille aliitwa Injinia kwa sababu aliwahi kuwapikia mafundi waliochimba kisima. Jaldesa, Mborana, taniboi, yaani utingo, wa lori la Modogashe, jina lake lilikuwa Ramani, ingawa lori lake lilishapotea mara mbili kwenye barabara isiyo na kona.

Ijumaa moja baada ya swala, Bibisi alifika amebeba karatasi, na uso wake haukuwa ule wa kila siku. Nyuma yake alikuja Ruweyda, binti wa dada yake, aliyekuwa kidato cha kwanza. Maradhi ya macho yalimpofusha akiwa mdogo. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa na binamu Nairobi, kwenye ofisi iliyounganishwa na hiyo intaneti mpya inayosemwa. Binamu akatoa masomo huko, akayachapa, akayatia kwenye bahasha, na bahasha ikapanda lori. Jaldesa ndiye aliyeileta chini ya kiti, na tangu siku hiyo alitaka aheshimiwe kama mtu wa intaneti.

Kila mwanafunzi alipewa ukurasa wake aueleze mbele ya darasa Jumatatu. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba shule yake haina namna ya kumfundisha mtoto asiyeona. Ruweyda akishindwa kuueleza ukurasa wake kama wenzake, arudi nyumbani akae. Na kwenye mkutano wa wazazi ni nani alisimama akasema, "Sisi kijiweni kwetu tuna wataalamu, tutamsomea"? Bibisi huyuhuyu. Sasa alikuwa anaigeuza karatasi huku na huku.

Maana ukurasa ulikuwa na picha tupu. Kichwa cha somo kilitoka doa jeusi, na chini yake kuna maneno machache tu: tazama picha hii, taja sehemu A mpaka D, eleza mwendo wake. Bibisi aliyasoma polepole kwa sauti ya mtangazaji, kisha akakohoa.

— Picha inaonyesha nini, Abti? akauliza Ruweyda. Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana hivyo.

Hapo Bibisi angeweza kusema hajui. Lakini Injinia alikuwa anamtazama, na Faduma amesimama na birika.

— Picha hii, abti yangu, ni mambo ya serikali. Unaona... yaani, iko mipaka hapa. Wilaya nne. Zinagawanywa upya. Nimesikia redioni.

Injinia akainyakua karatasi. Akasema wilaya gani zenye mabomba? Hii ni pampu ya kisima, walahi, bomba la kuingiza, bomba la kutoa, na hivi vidude vya katikati ni vya kuzuia maji yasirudi. Jaldesa naye akaigeuza juu chini. Akasema hawa wawili wanatia aibu, hii ni njia panda ya Modogashe: huku Garissa, huku Isiolo, huku Wajir, na hapa peusi ndipo lori lao lilipozama kwenye matope wakala biskuti wiki nzima.

— Na ya nne inakwenda wapi? akauliza Faduma.

— Diff, kule mpakani na Somalia.

— Kutoka Modogashe?

— Ni ya mkato. Hamuijui nyinyi.

Basi kahawa ikamiminwa, na kila kikombe kikaja na uongo mkubwa zaidi. Bibisi alifika mahali pa kusema serikali itauhamisha mto Tana upite Wajir, na picha ndiyo mpango wenyewe. Injinia hakukataa, ila alitaka mto huo usukumwe kwa pampu yake. Jaldesa akawaruhusu, mradi usipite juu ya barabara yake. Wakakubaliana hata mahali pa kujenga daraja. Ruweyda alikuwa amekaa katikati yao, mikono magotini, akimgeuzia uso kila anayesema. Bibisi alipomtazama aliona kidevu kimeanza kucheza, na moyo ukamuuma sana.

— Abti, akasema Ruweyda, msiniambie ni nini. Niambieni mistari inakwenda wapi.

Hilo halikuwa limempitia mtu yeyote kichwani. Bibisi akamshika kidole ampitishe juu ya karatasi, lakini karatasi ni laini, kidole kikifika mwisho hakikumbuki kilikotoka. Faduma ndiye aliyeleta sinia na donge la unga wa chapati. Akaviringisha unga nyuzi nyuzi, akamwambia Bibisi amtajie mistari.

Kazi ikawa kazi. Juu pana, chini pamechongoka, na ukuta katikati. Injinia akasema ukuta uko kushoto zaidi, Jaldesa akasema ukuta uko sawa, kichwa cha Injinia ndicho kiko kushoto. Lakini kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wanabishania kilichokuwepo. Mwishowe sinia likawa na umbo la vyumba vinne, na vibomba vya unga vikitokeza juu.

Ruweyda akaweka mikono yote miwili. Akapitia ukingo, akapanda ukuta, akaingia chumba baada ya chumba. Akarudia. Kisha akacheka.

— Huu ni moyo.

— Moyo wa nani? akauliza Jaldesa.

— Wa mbuzi, wa mtu, yote mamoja. Kila Idd mama ananipa matumbo nioshe, na moyo naupasua mimi kuutoa damu. Mwalimu alishatufundisha vyumba vyake kwa mdomo muhula uliopita, navijua vyote.

Watu watatu waliozeeka kando ya soko la mbuzi wakatazamana. Injinia alikuwa wa kwanza kuzinduka.

— Mimi nilisema pampu.

Ruweyda alikuwa bado na vidole kwenye unga.

— Aliyeweka picha, alishindwa nini kuandika hapo chini kwamba ni moyo? Neno moja tu.

Bibisi akapata nguvu. Akasema ndivyo walivyo watu wa huko, wanadhani kila mtu ana macho kama yao, hawamfikirii mwenzao hata kidogo. Wenzake wakatikisa vichwa kwa uchungu. Ruweyda akangoja amalize.

— Na nyinyi, Abti? Mbona hamkuniambia tangu mwanzo kwamba hamjui?

Bibisi akainua kikombe. Kilikuwa kitupu. Injinia akainama kurekebisha kandambili isiyokuwa na tatizo, na Jaldesa akakumbuka lori linapakia. Faduma akatikisa birika, akasema kahawa imekwisha.

Basi Bibisi akalibeba sinia mwenyewe, kwa mikono miwili, likauke nyumbani liende shule Jumatatu. Akapita nalo polepole katikati ya soko, Ruweyda amemshika shati, huku akiwafokea mbuzi wasimguse. Dalali mmoja akamsimamisha, akataka kujua ni nini hicho. Akaambiwa ni moyo.

— Na hivi vyumba vinaitwaje, Bibisi?

— Sijui, akasema Bibisi. Muulize huyu.