Nilambar Bhattacharya na Kitabu cha Jaji

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi waheshimiwa wa mahakama, familia imenituma mimi, Abhoycharan, mtoto wa mdogo wake, nieleze maisha ya marehemu, na kwa kuwa amekwisha kuwa majivu, leo hatanikatiza.

Marehemu Nilambar Bhattacharya alizaliwa mwezi wa Choitro, mwaka 1821, hapa kijijini Hatgachha, baada ya mama yake, Khudumoni, kukaa miaka mingi bila mtoto na kuweka nadhiri kwenye kaburi la Sotyo Pir, walii wetu sote, ambako mtu wa ukoo wetu na fakiri wa Kiislamu walikuwa wakikanda shirni ya sadaka pamoja, unga, maziwa, ndizi na sukari guru katika bakuli moja, maana Pir hapokei ya mkono mmoja, wala hakuna aliyewahi kuuliza ile ni dini gani.

Alisomea Kisanskriti, lugha ya vitabu vyetu vya dini, huko Nobodwip hadi mwaka 1843, akarudi na kichwa kisichopita mlangoni. Mwaka 1845 aliajiriwa kuwa pandita, mjuzi wa vitabu, wa mahakama ya wilaya, amweleze jaji Mwingereza sheria za Wahindu, na kwa kuwa kwao yule bwana walikuwa na Kitabu kimoja, alitaka nasi tuwe na chetu, naye marehemu, badala ya kumwambia kwamba huku kila kijiji kina desturi zake, akampa alichotaka, huku akichekacheka.

Mwaka 1846 alimwoa Bhabatarini, wakajaliwa Umesh na Mohesh, waliokua wakisikia wimbo mmoja tu: "Kilichomo kitabuni ndiyo dini, mengine ni ushamba."

Mwaka 1858 ugomvi kati ya ukoo wetu na mafakiri wa nani aezeke paa la kaburi, ambao sisi tungeumaliza kwa kiko kimoja cha tumbaku, ulifikishwa mahakamani, jaji akauliza kama kaburi ni la Wahindu au la Waislamu, swali la kuchekesha watoto, lakini marehemu alifunua vitabu, hakumwona Pir humo, akatamka kwamba ibada ile si ya Kihindu, na shirni iliyoguswa na fakiri ni najisi. Kaburi akaachiwa fakiri wa wakati ule, Danesh Fakir, baba yangu Pitambar akafukuzwa kwenye zamu ya mababu zake ya kukanda shirni, na Khudumoni akafa mwaka uliofuata bila kuruhusiwa kukanyaga pale alipomwombea mwana huyo huyo. Marehemu alizawadiwa shali.

Januari 1889 tumbo lake lilijaa maji, dawa zikashindwa, ndipo bingwa wa vitabu akaanza kulia akitaka shirni ya Pir. Nilimwita Danesh, mzee wa kutembelea fimbo, tukaikanda barazani, lakini Umesh akaziba mlango.

"Mzee, rudi kwako. Baba mwenyewe alishasema mkono wako ni najisi."

"Mwacheni aingie!" marehemu akalia kutoka kitandani.

"Tulia, Baba," Mohesh akambembeleza. "Ugonjwa unakuchanganya. Hayo si ya dini yetu."

Alifariki tarehe 9 Februari, alfajiri, bila kuionja.

Tunamshukuru daktari, majirani walioleta kuni, wenzake wa mahakama, na Danesh Fakir, ambaye leo asubuhi amekanda nami tena, kwani matonge ya wali waliyomwekea wanawe kwa kufuata kitabu kunguru hawakuyagusa, na nyote mnajua maana yake, kwamba marehemu amekikataa chakula, lakini shirni yetu ya uani wameimaliza yote.

Haya, Baba Mkubwa, umekula. Lala sasa, kama Kitabu chako kinaruhusu.