Ncha ya Pili ya Kamba

Ukungu ulikuwa bado umelalia vilima vya Masisi, nasi tumekwisha kukaa kwenye benchi la duka la Mama Kahambu, ambaye kahawa yake huwa tayari kabla kengele ya misa haijalia. Redio ilikuwa imetangaza kwamba nchi fulani ya mbali ime-annexer jirani yake, yaani imeitwaa iwe sehemu yake. Neno hilo lingetupita kama mengine, lau Léopold, tunayemwita Papa Fromage kwa ajili ya jibini yake, asingelidaka kwa furaha. Kwani jirani yake Joséphine-Marie alipokimbilia Itebero wakati wa vita, Léopold alijenga lupango wa ng'ombe wake, ule ua wa miti ya kupandwa, akaliingiza humo na shamba la maharagwe la mama huyo. Na jana Joséphine-Marie alirudi.

— Mumesikia? akasema Léopold. Mimi sikuiba shamba ya muntu. Nili-annexer!

— Iyo neno inatoka mu annexe, akasema Nzabandora, aitwaye Diksyonere, yaani kamusi, ingawa hana hata moja. Muntu anajenga nyumba, kisha annexe ya kupikia. Siku moja anaangalia nyumba ya jirani, anasema: kumbe ile nayo iko jikoni yangu!

— Uongo! akadakia Henri wa pikipiki. Annexe alikuwa komanda muzungu wa miguu murefu. Pale anakanyaga, pale iko pake.

— Na ku mito? akauliza Diksyonere.

— Mito ilikuwa inamukimbia. Njo maana inapinda-pinda!

Kicheko kilipotulia, wakanigeukia mimi.

— Papa Katekista, we ulisoma Kilatini. Sema.

Nikawaambia kama nilivyofundishwa seminarini: asili ya neno hilo ni kufunga kitu kwa kitu kingine.

Léopold akajipiga paja.

— Munaona! Nilifunga tu shamba ya dada na yangu, isikae peke yake!

Joséphine-Marie alikuwa amekwisha kufika, jembe begani, na maneno hayo ya mwisho aliyasikia. Akatusalimu mmoja mmoja, lakini hakukaa.

— Kaka Léopold, aksanti kuichunga. Nauliza tu neno moja. Huku kwetu, siku ya kufunga lupango, jirani wawili njo banavuta kamba, mumoja huku, mwingine kule, kisha miti inapandwa. Siku ile, ncha ya upande wangu, nani aliishika?

Henri akaitazama pikipiki yake. Diksyonere akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Nami nikapekua Kilatini changu chote, nisipate kitu.

Léopold akainama.

— Kisiki, dada. Niliifunga ku kisiki.

 Léopold akasimama, akaifungua kamba iliyoshika madumu ya maziwa kwenye pikipiki ya Henri, akampa mama ncha moja.

— Shika. Leo kisiki ipumzike.

— Lakini miti ya lupango imeshachipuka, akanong'ona Henri.

— Basi iko muzima, akajibu Joséphine-Marie, akiikaza kamba mkononi. Tutaing'oa na mizizi yake, tuipande ku mupaka. Itachipuka tena pale pake.